Kutunga Upya

Jumamosi Imuetinyan anaolewa.
Leo Jumatano, na shangazi Ekiuwa
amemwaga marijani zote kwenye sinia la bati.
Uzi wa zamani umeoza,
una jasho la mabibi harusi watatu
waliokwisha kuzikwa.

Anaokota moja moja, anaibandika shavuni.
"Ya kweli ni baridi," anasema,
"hata uianike juani adhuhuri.
Plastiki ni mnafiki, hupata joto haraka."

Mimi nimeshika uzi.
Kazi yangu ni kushika uzi
na kutomtaja Osaretin.

Nje, mvua ya Julai inaosha ukuta wa jirani,
mtaro unapita mwekundu.
Udongo wa Benin ndivyo ulivyo:
hung'ang'ania soksi za shule,
hung'ang'ania pindo la gauni la kanisani,
mpaka sabuni inakiri kushindwa.
Waliochimba handaki la mji, enzi hizo,
nadhani walirudi jioni na mikono hivi hivi,
na mtoto mlangoni akauliza, Baba, umeumia?
Hapana. Ni mji tu.

Nyekundu tunazijua, hatuzichanganyi.
Iko ya Ogun, ya chuma kinachotoka motoni,
hiyo hatuichezei.
Iko ya joho la chifu siku ya sherehe:
hufika kabla ya chifu mwenyewe,
na watu hupisha kabla ya kumwona uso.
Uko unyoya wa mkia wa kasuku,
mmoja tu, hauhitaji mwenzake.
Na iko hii ya siniani,
isiyotisha, isiyopiga kelele,
inayokuangalia tu mpaka ukae vizuri.

Shangazi anasema ilitoka kwa Olokun,
chini kabisa, kwenye jumba la maji.
Mwalimu wetu wa historia alisema ilikuja na Wareno,
iling'olewa kaskazini,
kwenye bahari iliyo kati ya Libya na Italia.
Sijawahi kuwapatanisha.
Maji ni maji.

Jina la bahari ile shangazi halijui.
Mimi ninalo kwenye simu, saa nane za usiku:
*Kesho tunaingia Mediterania. Mwambie mama nimekula.*

Miaka miwili na miezi minne.

Nauli ilitoka siniani humu.
Alihesabu shanga arobaini, akazifunga kwenye leso,
akaenda nazo sokoni amefunika kichwa,
akarudi na noti.
Tangu hapo shingo yake iko tupu.
Aliyefiwa havai, hilo tunalijua.
Lakini anayengoja?
Sheria yake hakuna aliyetufundisha.

Tunatunga. Inapita, inagonga mwenzake, inatulia.
Tunatunga mpaka magharibi, umeme unakatika,
tunawasha taa ya betri, na marijani
zinageuka nyeusi, kisha zinarudi.
Kwenye kisogo unabaki uzi mtupu,
upana wa vidole vitatu.

"Maji ya kule," anauliza, macho yako kwenye sindano,
"ni baridi?"

Miaka miwili nimelisubiri swali,
na sikuwa nimeandaa jibu.
"Si sana," nasema.

Ananyamaza.
Kisha anatia mkono chini ya mkeka,
anatoa kifuko cha soko, kile cha naira mia tano,
plastiki nyekundu kupita kiasi,
nyekundu ya mdomo wa mwanasesere.
Anahesabu saba. Anazitunga mwenyewe,
hataki nishike.

"Hizi zikae nyuma, chini ya nywele," anasema.
"Taji la okuku litazificha.
Dada yake akicheza Jumamosi, akitoka jasho,
zitapata joto haraka."

Anakata uzi kwa meno.